Jinzi za kinga kwa mwendesha pikipiki: nichague kwa kuangalia nini?

Msafiri wa Lami

Ndugu zangu waendesha pikipiki, salaam. Naendesha kila siku ya kazi, sehemu kubwa ikiwa ni barabara za mjini zenye foleni, na mwishoni mwa juma hutoka kwenye barabara kuu ambako mwendo hufika kilomita 100 kwa saa. Helmeti, koti, glavu na buti ninazo na nimeridhika nazo, ila miguu yangu hadi sasa huifunika kwa jinzi za kawaida. Suruali ya ngozi siwezi kushinda nayo kazini, na ile ya kuvaa juu ya nguo na kuivua ukifika hunichosha, kwa hiyo nimeamua kununua jinzi iliyoimarishwa.

Tatizo ni kwamba kila ninaposoma maelezo ya wauzaji nazidi kuchanganyikiwa. Nimebakiza mbili za kuchagua. Ya kwanza ni nene na nzito. Ndani ina bitana ya manjano ambayo muuzaji anaiita Kevlar, iliyoshonwa makalioni na magotini tu, na pedi zake za magoti zina alama ya CE, ile ya kukidhi masharti ya Umoja wa Ulaya. Ya pili ni ya tabaka moja, nyepesi kiasi kwamba ukiishika huwezi kuitofautisha na jinzi yoyote ile, lakini lebo yake ya ndani ina picha ya mwendesha pikipiki na chini yake herufi AA. Akili yangu inanielekeza kwenye ile nene. Je, niko sahihi? Na pedi za nyonga ni za lazima, au ni za kuongeza bei tu?

Mzee Gia

Ndugu Msafiri, kati ya hizo mbili chukua ya pili, na sababu yenyewe si wembamba wala unene bali ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Alama ya CE uliyoiona kwenye pedi za magoti inazihusu pedi peke yake. Inaonyesha kwamba kipande kile cha povu kilipimwa kwa kugongwa, lakini haisemi lolote kuhusu kitambaa, bitana au mishono inayokizunguka. Suruali yoyote ya kutembelea ikishonewa mifuko ya ndani magotini na kutiwa pedi zenye alama hiyo inaweza kuuzwa kwa maelezo yaleyale uliyoyasoma, na mnunuzi akaondoka akiamini kwamba amenunua kinga kamili. Jambo hili linaniudhi sana, kwa sababu aliyedanganyika huja kuujua ukweli akiwa tayari yuko chini.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, nguo inayouzwa kwa ajili ya kumkinga mwendesha pikipiki huhesabiwa kuwa kifaa cha kinga chini ya Kanuni ya 2016/425, iliyoanza kutumika mwezi Aprili 2018, na kipimo chake ni kiwango cha EN 17092 kilichotolewa mwaka 2020. Kiwango hiki huipima nguo nzima: jinsi kitambaa kinavyostahimili msuguano, jinsi kinavyochanika, nguvu ya mishono, na kama nguo inabaki na vipimo vyake baada ya kufuliwa. Matokeo yake ndiyo hizo herufi. Daraja la juu kabisa ni AAA, likifuatiwa na AA, kisha A. Daraja la B linalingana na A katika msuguano isipokuwa halina pedi, na C ni nguo ya kushikilia pedi tu, ambayo huvaliwa pamoja na nguo nyingine na haipaswi kutegemewa peke yake.

Kipimo cha msuguano kinafaa kueleweka, kwa kuwa ndicho kinachozipa herufi hizo maana. Vipande vya kitambaa hufungwa kwenye mikono ya mashine inayozunguka, kisha huangushwa juu ya bamba la zege na kuachwa viserereke hadi visimame vyenyewe. Kwa maeneo yenye hatari kubwa zaidi, kama magoti na nyonga, mwendo wa kuanzia ni sawa na takriban kilomita 45 kwa saa kwa daraja la A, 70 kwa AA na 120 kwa AAA. Kitambaa kikitoboka kabla ya kusimama, hakikufaulu. Usizichukue namba hizo kama ahadi ya barabarani, maana lami hutofautiana na mtu haanguki kama kipande cha kitambaa kinavyoangushwa na mashine, lakini zinakuwezesha kulinganisha suruali moja na nyingine bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Fikiria pia kinachotokea mtu anapoanguka. Akiserereka kwenye lami kavu, msuguano humpunguzia mwendo kwa kadiri ya mita 6 au 7 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Aliyeanza na kilomita 60 kwa saa atasimama baada ya sekunde mbili na nusu hivi, akiwa amekwenda karibu mita 20. Aliyeanza na 120 atatumia muda maradufu, lakini umbali wake utakuwa mara nne, yaani zaidi ya mita 80. Jinzi ya kawaida ya pamba, kwa vipimo vya aina hii, hutoboka katika muda usiozidi sekunde moja hivi. Muda wote unaobaki, kinachosagwa ni ngozi yako. Kwa mwendo wako wa barabara kuu, AA ndicho kiwango cha chini ambacho ningekushauri, na ukipata AAA unayoweza kuivaa siku nzima, usisite.

Kuhusu jina la Kevlar: ni jina la biashara lililoanzishwa na kampuni ya DuPont kwa nyuzi za aramidi zilizotokana na kazi ya mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965, na ubora wa nyuzi hizo hauna shaka. Hata hivyo sifa zake kubwa ni za kustahimili mvuto, ilhali lami haivuti, inasaga. Bitana ya aramidi iliyo nyembamba au iliyofumwa kwa ulegevu inaweza kumalizika haraka ingawa nyuzi zenyewe ni za kweli. Jina la uzi halitoshi. Ulizia daraja la suruali yenyewe, na kama muuzaji hana jibu, omba kijitabu cha maelezo ambacho mtengenezaji anatakiwa kukiambatanisha na kila nguo ya kinga.

Pedi za nyonga ni muhimu. Suruali za AAA na AA zinatakiwa ziwe na pedi za magoti na za nyonga pia. Za A zinaweza kuwa na za magoti tu. Anayeanguka kwa ubavu hutangulia na nyonga, na hapo mfupa uko karibu kabisa na ngozi.

Fundi Mishono

Naunga mkono aliyoyasema Mzee Gia, na kwa kuwa riziki yangu ni cherehani, naomba niongezee jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami kabisa. Kitambaa kinaweza kuwa bora kuliko vyote, lakini mshono ukifumuka, suruali hufunguka kutoka paja hadi kifundo cha mguu na kitambaa hicho chote hakina faida tena.

Ukiwa dukani, igeuze suruali ndani nje. Anza na mshono wa upande wa nje wa paja, kwa sababu ndio unaogusa barabara mara nyingi zaidi, kisha ule wa makalio. Unachokitafuta ni mshono wa kukunjwa, ambao kingo za vitambaa viwili zimeingizwa moja ndani ya nyingine na kupitishwa sindano mara mbili au tatu, tena angalau mstari mmoja uwe umefichwa ndani ambako lami haiwezi kuufikia mapema. Mistari inayoonekana kwa nje, hata iwe mizuri na minene namna gani, husagika ya kwanza. Uzi nao usiwe wa pamba. Uwe wa poliesta imara, nailoni au aramidi. Halafu shika pande zote mbili za mshono, uvute kwa nguvu kuelekea pande tofauti na uelekeze kwenye mwanga. Ukiona matundu yanafunguka na nyuzi zinaanza kuonekana kama meno, rudisha suruali hiyo mahali ulipoitoa.

Kwa ile suruali yako ya kwanza, angalia bitana inaishia wapi. Nimeona nyingi ambazo kipande cha goti kimeshonwa mbele tu, kikaacha upande wa nje wa goti bila kitu, na kile cha makalio kinaishia kabla ya kufika kwenye mfupa wa nyonga. Bitana iliyoshonwa kwa uangalifu huingia ndani ya mshono wa ubavuni ili ishikwe nao. Ikiwa imening'inizwa kwa mistari michache tu juu ya kitambaa cha nje, kitambaa hicho kikitoboka bitana husogea na kukunjamana, na mahali palipotakiwa kukingwa panabaki wazi.

Jambo dogo lakini linaloumiza: vifungo vya chuma kwenye mifuko ya nyuma. Katika jinzi za kawaida ni pambo, ila chini ya uzito wa mwili unaoserereka hugandamizwa kwenye nyama. Jinzi iliyoshonwa kwa ajili ya pikipiki haipaswi kuwa navyo. Funguo na simu pia zitoe mfukoni, uziweke kwenye begi au kwenye koti mahali pasipo na mfupa.

Upepo wa Kusi

Nakubaliana na habari ya lebo, lakini nisingependa wasomaji waondoke hapa wakidhani kwamba bitana ni teknolojia iliyopitwa na wakati. Bitana ya aramidi iliyofumwa kwa nyuzi zenye vitanzi, ikiwa imefunika suruali nzima kuanzia kiunoni hadi chini ya magoti, ina faida ambayo tabaka moja haina, nayo ni kuiweka ngozi mbali na joto. Msuguano unasaga na papo hapo unachoma. Aramidi haiyeyuki, huanza kuharibika kwenye joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi. Nailoni inayotumika kwenye vitambaa kama Cordura huyeyuka karibu na nyuzi 260, na Dyneema, uzi imara wa jamii ya plastiki ambao ndio sifa kubwa ya jinzi nyingi za tabaka moja, huyeyuka karibu na nyuzi 150. Sisemi kwamba Dyneema haifai. Uso wake ni wa kuteleza, jambo linalopunguza msuguano wenyewe, na kuna jinzi za tabaka moja zenye nyuzi hizo zilizofikia AAA. Ila zikiwa ni sehemu ndogo tu ya kitambaa na kilichobaki ni pamba, jina lililo kwenye tangazo linakuwa kubwa kuliko kazi yake. Soma asilimia zilizoandikwa kwenye lebo ya ufuaji.

Kwa sababu hiyohiyo ya joto, usivae suruali za ndani za kubana za poliesta chini ya jinzi ya tabaka moja. Zikiyeyuka hugandia kwenye jeraha. Pamba au sufu ni salama zaidi.

Upande wa pili wa joto ni hali ya hewa. Bitana nzima ya aramidi kwenye jua kali inachosha, na mwendeshaji aliyechoka kwa joto huchelewa kuona na kuamua. Hapo ndipo tabaka moja linaposhinda, kwa kuwa kinga unayoiacha nyumbani kwa sababu inakupikia miguu haikusaidii chochote. Kuna mradi wa Australia na New Zealand unaoitwa MotoCAP, ulioanza mwaka 2018, ambao hununua nguo za pikipiki madukani kama mnunuzi mwingine yeyote, kuzipima kwenye maabara, na kutoa nyota za kinga kando na nyota za kufaa kwenye joto. Matokeo yake yanasomwa bure mtandaoni. Ikiwa aina unayoitaka imo humo, ningeyaamini kuliko ukurasa wowote wa matangazo.

Nchi hiyohiyo ya Australia ilitoa utafiti mwaka 2011 kuhusu waendesha pikipiki waliopata ajali. Waliovaa nguo za kinga walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kulazwa hospitalini, na majeraha yao ya ngozi yalipungua, hasa pale nguo zilipokuwa na pedi. Lakini zaidi ya robo ya suruali zilizoshonwa kwa ajili ya pikipiki zilikutwa zimeshindwa kazi kutokana na kuharibika katika ajali hizo. Ndiyo maana nasisitiza pamoja na wenzangu: kuitwa jinzi ya pikipiki ni jambo moja, kufanya kazi yake ni jingine.

Dada Klachi

Ndugu Msafiri, wenzangu wamezungumzia kitambaa na mishono vizuri, nami nataka nizungumzie mwili unaoingia humo, kwa sababu pedi bora iliyokaa mahali pasipo pake haina tofauti na kutokuwa na pedi.

Usiijaribu suruali ukiwa umesimama mbele ya kioo. Kaa kwenye pikipiki, au angalau panda kiti kwa mkao uleule unaoendeshea, na upinde magoti. Utaona suruali inapanda juu na pedi ya goti nayo inasogea. Pedi inatakiwa ifunike mfupa wa goti na kushuka kidogo kwenye sehemu ya juu ya muundi ukiwa umekaa hivyo. Ukisimama itaonekana imeshuka mno, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jinzi nzuri zina mifuko ya ndani inayokuruhusu kuipandisha au kuishusha pedi. Kisha ishike kwa kiganja ujaribu kuizungusha kuelekea nje ya goti. Ikizunguka kwa urahisi dukani, kwenye lami itazunguka zaidi. Suruali pana inapendeza na ina hewa, lakini haishikilii kitu.

Kwa wanawake wenzangu, tatizo letu la kila siku ni kiuno na nyonga. Jinzi inayotutosha nyonga huachia nafasi kiunoni, na mtu akiserereka kwa miguu mbele suruali inaweza kushuka au kupanda ikaacha mgongo wazi. Tafuteni yenye mkanda wa kiuno ulioinuka nyuma, au yenye zipu fupi ya kuunganisha na koti. Pedi za nyonga pia hupishana sana kwa watu wa maumbo tofauti, kwa hiyo papaseni mfupa wenyewe, ule unaojitokeza ubavuni juu ya paja, na mhakikishe pedi imeufunika.

Kuhusu pedi zenyewe, kiwango chake ni EN 1621-1 na kina ngazi mbili. Pedi hugongwa kwa nishati ya jouli 50 na kinachopimwa ni mshindo unaopenya upande wa pili. Ngazi ya 1 inaruhusu wastani usiozidi kilonyutoni 35, ngazi ya 2 usiozidi 20. Tofauti hiyo si ndogo. Suruali nyingi huuzwa zikiwa na ngazi ya 1, na kubadilisha pedi peke yake ni hatua rahisi mno ya kuongeza kinga, mradi pedi mpya iingie vizuri kwenye mfuko uliopo. Kwenye lebo yake utakuta herufi K kwa goti na H kwa nyonga, na A au B kwa ukubwa, B ikiwa ndiyo inayofunika eneo kubwa zaidi. Pedi laini zinazokuwa ngumu zinapogongwa huathiriwa na baridi na joto, na zilizopimwa kwa hali hizo huwekewa alama ya T- au T+.

Msafiri wa Lami

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati, maana nimepata hapa nilichokikosa kwa wauzaji. Nimeigeuza ile nene ndani nje kama Fundi alivyoelekeza, nikakuta bitana inaishia vidole vinne kabla ya mshono wa ubavuni, na hakuna lebo yoyote ya daraja la suruali. Nimeiacha. Ile ya AA nimeijaribu nikiwa nimekaa: magotini imekaa vyema baada ya kushusha pedi, na nyonga zimefunikwa. Ina pedi za ngazi ya 1, nitazibadilisha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nikisimama ni ndefu, inakunjamana juu ya buti. Je, nikaipunguze kwa fundi? Na lebo inakataza mambo mengi ya ufuaji. Je, yote yana umuhimu, au ni tahadhari za kawaida tu za watengenezaji?

Fundi Mishono

Urefu usiupunguze kabla hujaendesha nayo. Ukikaa, pindo litapanda kiasi cha upana wa kiganja au zaidi, na urefu unaoukuta umezidi ukiwa umesimama ndio utakaokifunika kifundo cha mguu ukiwa barabarani. Kama bado itazidi, mwambie fundi akunje pindo bila kukata, na asiguse kabisa mishono ya ubavuni. Atakayekushawishi aibane mapajani kwa kufumua mshono ule na kuushona upya kwa uzi wake wa kawaida atakuwa ameondoa kitu kilichopimwa na kuweka kisichopimwa, hata kama kwa macho utaona kazi safi.

Kuhusu ufuaji, makatazo mengi yana sababu. Toa pedi zote kwanza. Geuza ndani nje, funga zipu, fua kwa maji yasiyozidi nyuzi 30 na sabuni ya kawaida. Dawa ya madoa yenye klorini isiikaribie kamwe, kwani huzidhoofisha nyuzi za aramidi bila kukuonyesha dalili yoyote kwa nje. Dawa ya kulainisha nguo nayo iache, huacha utando kwenye nyuzi na kuziba upitaji wa hewa. Jua pia huila aramidi polepole, kwa hiyo anika kivulini. Pasi ya moto usiipitishe kwenye kitambaa chenye Dyneema.

Ukianguka nayo, hata kama imekwaruzika kidogo tu, ikague kama ulivyoikagua dukani: mishono, upande wa ndani, na mahali pa nyonga. Kitambaa kilichokonda kwa msuguano hakitarudi kuwa kilivyokuwa, na pedi iliyopokea pigo kubwa ibadilishwe ingawa inaonekana nzima.